Maneno ya mtaani ya Kizungu: jinsi ya kujua neno limetokea wapi kabla hujaropoka mbele ya mgeni

Kiingereza cha shule kinakufikisha mapokezi tu. Mgeni akishaacha begi chumbani akashuka kukaa na wenzie na bia mkononi ndo utajua kumbe kuna kingine, cha mtaani, ambacho mwalimu hakukigusa kabisa. Sisi wa Bagamoyo tunaoshinda na wageni, wengine Kaole kwenye magofu, wengine Ngome Kongwe, wengine mahotelini huko ufukweni, wengine mnachonga vinyago na kuuza wenyewe, tunakisikia kila siku na tunakibeba hivohivo. Maana sio shida sana, utauliza utaambiwa. Shida ni kwamba tunabeba neno pamoja na hadithi ya uongo ya lilikotoka alafu tunaenda kuwahadithia wageni wengine, au tunalitumia kwa mtu ambaye siyo. Sasa hapa naeleza jinsi ya kulichimba neno: nani alianza kulisema, lini, na kwa sababu gani. Ukiyapata hayo, maana inakaa kichwani yenyewe bila kukariri.

Anza na mtu, neno baadaye. Ukisikia neno geni usikimbilie kamusi, kwanza angalia aliyelisema ni wa wapi, ana umri gani, alikuwa anaongea na nani, alikuwa anatania au kakasirika. Andika kwenye simu yote hayo na sentensi nzima kama ulivyoisikia, hata kama spelingi huijui. Muingereza akikwambia jana alikuwa "pissed" anakwambia alilewa, Mmarekani akisema hivohivo alikasirika, sasa wewe ukiandika neno tu bila kuandika aliyesema katoka nchi gani hapo umeandika nini?

Mfano mzuri ni huu wa bucha. Dogo mmoja anayetembeza wageni Mji Mkongwe alikuwa na babu mmoja wa London, wakapita kwenye duka la vinyago, babu akasogea mlangoni akasema "let's have a butcher's". Dogo akamjibu kwa adabu zote, mzee bucha ipo Magomeni ila saa hizi nyama ya maana imeshaisha, labda twende kesho asubuhi. Babu wa watu alicheka mpaka akaomba kiti.

Alichotaka ni kuangalia tu. Na hapa sisi Waswahili tuna bahati, maana huu mchezo ni wa vina na vina tunavijua tangu utotoni. Wale watu wa mashariki ya London, wanaoitwa Cockney, wanachukua neno wanalolitaka, hapa ni look, wanatafuta kitu cha maneno mawili ambacho mwisho wake unalingana kina na hilo neno, wakapata butcher's hook, yaani ile ndoano ya kutundikia nyama, alafu sasa, na hapa ndo wanapokuacha njiani, lile neno lenye kina wanalitupa na kubaki na la mbele. Hook imeondoka, imebaki butcher's. Asiyejua kilichotupwa hapati kitu. Jaribu kwa Kiswahili uone: njaa inalingana kina na mafuta ya taa, tupa taa, kisha ingia ndani umwambie mkeo "leo nina mafuta balaa" uone kama utapakuliwa wali. Ndo hivohivo dog and bone ni phone, pork pies ni lies na siku hizi wanaifupisha wanasema porkies, na mtu akikwambia "use your loaf" ni loaf of bread, head, anakwambia tumia kichwa. Mtindo wenyewe sio wa juzi, John Camden Hotten aliuweka kwenye kamusi yake ya misimu ya mwaka 1859 akisema ni lugha ya wachuuzi wa barabarani. Kwahiyo ukimpata mtu wa London katamka neno ambalo halihusiani kabisa na mnachoongea, usiumize kichwa na neno lenyewe, tafuta lile lililotupwa.

Ukishamjua mtu, jiulize neno ni la ukoo gani. Koo kubwa sio nyingi. Cockney ndo hao. London ya vijana wa sasa ni ukoo mwingine kabisa, wale wa bruv (kaka), innit (au sio?), mandem (washkaji), wagwan. Hiyo wagwan ni Patwa ya Jamaika, ni kama kuuliza kuna nini kinaendelea, na imefikaje London? Meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury Juni 1948 ikiwa na watu wa visiwa vya Karibi, wakafuata wengine na wengine, watoto na wajukuu zao wakakulia mtaa mmoja na watoto wa Kibengali, wa Kinigeria, wa Kighana na wazungu wa hapohapo, ikazaliwa lahaja ambayo wataalam wa lugha wanaiita Multicultural London English. Ukiona kijana mzungu mweupe pee anakwambia wagwan usishangae, kakulia humo.

Australia wao kazi yao kukata neno na kulipachika mkia, afternoon inakuwa arvo, breakfast inakuwa brekkie. Hata selfie ule mkia wake ni wa kwao, maandishi ya kwanza yaliyopatikana ni ya Muaustralia mwaka 2002, watu wa kamusi ya Oxford wakaja kuifanya neno la mwaka 2013. Australia yatosha.

Ukoo mkubwa kuliko wote ni wa Wamarekani weusi, na hapa nasema wazi kwasababu vijana wetu wanaiba sifa bila kujua wanamuibia nani. Cool, dope, lit, woke, shade, slay, mengi mnayoyaita maneno ya TikTok yalikuwa yanaongelewa na weusi wa Marekani kwenye muziki, kwenye kumbi za dansi, kwenye vibaraza vya nyumba zao, miaka mingi kabla hiyo TikTok haijawa hata wazo. Salty kwa mfano, madogo wanaocheza gemu wanasema fulani yupo salty, yaani kafungwa alafu kanuna. Utaambiwa ni neno la wacheza gemu. Sasa mwanamuziki wa jazi Cab Calloway alitoa kamusi yake ndogo ya maneno ya wanamuziki wa Harlem, mtaa wa weusi kule New York, mwaka 1938 na humo salty ipo, maana yake mwenye hasira. 1938! Gemu gani ilikuwepo 1938.

Na hapo ndo kuna tea, ambayo inatuvuruga sisi kuliko mtu yeyote duniani. Mtaani kwetu chai ni uongo, mtu akileta stori ya kutunga tunamwambia hiyo chai, tena ina tangawizi. Sasa binti wa Kimarekani kakaa na mwenzie kwenye mkeka anamwambia "spill the tea", wewe Mswahili uliyekaa pembeni unaelewa anaambiwa atoe uongo wake. Kumbe kwao ni kinyume, tea ni umbea wenye ukweli ndani yake, anaambiwa amwage mambo yote kama yalivyo. Ukilichimba unafika kwa Wamarekani weusi waliokuwa kwenye maonyesho ya drag, yaani wanaume wanaovaa kike jukwaani, na unakuta hakuna birika wala kikombe, kuna herufi T tu, ambayo wengi wanaieleza kuwa ni kifupi cha truth. Kwenye kitabu cha John Berendt cha mwaka 1994 kuna msanii wa Savannah, The Lady Chablis, anaitumia hiyo T kwa maana ya mambo yake mwenyewe ya ndani. Kikombe kimekuja baadaye kwasababu sauti inafanana, na sasa hivi watu wanaweka kiemoji cha chai kabisa. Kwahiyo mgeni akikwambia ana tea na wewe ukamjibu kwa kucheka kama vile anakudanganya, atakuona mtu wa ajabu.

Kitu ambacho hakitushangazi sisi ni neno baya kuwa sifa. Sick, wicked, bad, wazungu wa shule wanazilalamikia, ila mtu aliyezoea kusema "huyu dogo ni hatari" au "bonge la ngoma, balaa" hana haja ya kuelezwa.

Haya, sasa tarehe, na hapa ndo penye kazi. Ukisikia hadithi ya neno, usiulize kama ni tamu, uliza ushahidi wa zamani kabisa wa maandishi ni wa mwaka gani, kisha ulinganishe na hadithi yenyewe. Hadithi nyingi zinakufa hapo.

Nianze na tip kwasababu inatuhusu mfukoni. Wengi tunawaambia wageni kwamba tip ni herufi za mwanzo za To Insure Promptness, kwamba zamani kwenye migahawa ya London kulikuwa na kibakuli kimeandikwa hivyo. Inapendeza, na mgeni anacheka na pengine anaongeza hela, lakini ni chai (chai yetu). Tip kama kitenzi, kwa maana ya kupa au kupitisha kitu mkononi, ilikuwa kwenye lugha ya wezi wa Uingereza tangu mwanzoni mwa karne ya 17, na karne iliyofuata ikawa ni kumpa mtumishi kidogo kitu. Stori ya herufi imetungwa baadaye sana. Tena hata kisarufi ilitakiwa iwe ensure, ikaharibu neno zima.

Posh nayo, yaani ya kifahari, ya kitajiri. Utaambiwa ni Port Out, Starboard Home, kwamba matajiri waliokuwa wanapanda meli za P&O kwenda India walikata vyumba vya upande wa kivuli wakati wa kwenda na kurudi, na tiketi ikagongwa hizo herufi. Hakuna tiketi hata moja iliyowahi kuonekana. Na posh ilishakuwepo kwenye misimu ya London karne ya 19 kwa maana ya hela, chenji ndogondogo, inayodhaniwa kutoka lugha ya Waromani (wale wanaoitwa Gypsy, sio Warumi) ambako posh ni nusu, na kuna posh nyingine ya kama mwaka 1890 kwa maana ya mwanaume mpenda kuvaa. Hadithi ya meli imeanza kusimuliwa miaka ya 1930 hivi.

Kwahiyo shika hii: neno lililokuwepo kabla ya karne ya 20 ukiambiwa ni kifupi cha herufi za mwanzo, kataa kwanza mpaka uone karatasi. Watu wa zamani hawakuwa na mazoea hayo, vifupisho vya namna hiyo vimepata nguvu na majeshi ya vita vya dunia na sasa intaneti. GOAT ni kweli, Greatest Of All Time, na mwaka 1992 mke wa Muhammad Ali, Lonnie, alisajili kampuni ya kusimamia jina la mumewe akaiita G.O.A.T., kwahiyo wanaomuita Messi mbuzi wanatumia sifa ambayo watu wa Ali walishaiwekea muhuri. LOL (laughing out loud, nacheka kwa sauti) ni kweli, FOMO (fear of missing out, hofu ya kupitwa) ni kweli. News kuwa ni pande nne za dunia, North, East, West, South, sio kweli. Cop kuwa ni Constable On Patrol, sio kweli, ni kitenzi cha zamani cha kukamata.

Isipokuwa OK. Hii ni kifupisho kweli na ni ya zamani kweli, na inajulikana kwasababu mtu alikaa akaitafuta. Mwaka 1839 magazeti ya Boston yalikuwa na utani wa kuandika vifupisho vya maneno yaliyokosewa spelingi makusudi, na tarehe 23 Machi mwaka huo Boston Morning Post wakaweka o.k. kwa maana ya oll korrect, badala ya all correct. Utani mwingine wote ule ulikufa. Huu ukapona kwasababu mwaka uliofuata Rais Martin Van Buren alikuwa anagombea tena, kwao Kinderhook, wafuasi wake wakamuita Old Kinderhook, wakaanzisha vilabu vya OK, herufi zikasambaa nchi nzima. Van Buren mwenyewe akashindwa uchaguzi. Profesa Allen Walker Read ndo alichambua magazeti hayo ya zamani na kutoa majibu yake miaka ya 1960, kabla ya hapo kila mtu alikuwa na yake, Kigiriki, Kifaransa, lugha ya Wahindi Wekundu wa Choctaw, yote matamu.

Utamu wa karibu na nyumbani nao upime hivyohivyo, usiuonee huruma. Sisi tunapenda kusema jumbo ni jambo yetu, au jumbe, kwamba tembo Jumbo alipewa jina la Kiswahili. Jumbo yule aliingia bustani ya wanyama ya London mwaka 1865, akauzwa kwa P.T. Barnum wa Marekani 1882, akagongwa na treni Kanada 1885, na umaarufu wake ndo ulifanya jumbo iwe kitu chochote kikubwa. Lakini jumbo ilishaandikwa kwenye misimu ya Kiingereza miaka ya 1820 kwa maana ya mtu mzito mzito asiye na wepesi. Tembo kalikuta neno. Vilevile hip (anayekwenda na wakati) kusemwa ni Kiwolofu cha Senegali, waandishi wengi wa kamusi wanaikataa kwa kukosa ushahidi. Kama unataka cha Kiswahili cha uhakika cha kumwambia mgeni, mwambie safari, au mwambie Jenga, ule mchezo wa vipande vya mbao, Leslie Scott aliyekulia Afrika akaupeleka kwenye maonyesho ya London 1983 na jina ni kujenga yetu, hapo hana ubishi.

Na jamani, sisi wa mji huu ndo tungekuwa wa kwanza kuelewa haya. Jina Bagamoyo tunalielezea kwa hadithi mbili, wengine bwaga moyo ya mtumwa aliyekata tamaa kabla ya kupandishwa jahazi, wengine bwaga moyo ya mpagazi aliyetua mzigo wa pembe baada ya kutembea kutoka bara akaona bahari akapumua. Nimesikia muongozaji mmoja akitoa zote mbili siku moja, kundi la asubuhi hii na kundi la jioni ile, kulingana na sura za wateja. Biashara naielewa, ila sema zipo mbili.

Upande wa hela, quid ni pauni moja, ipo tangu karne ya 17, na haiongezwi s, ni ten quid. Grand ni elfu moja, ndo buku yao. Monkey ni pauni 500, na hadithi yake inasema askari wa Kiingereza walirudi nayo kutoka India kwasababu noti ya rupia 500 ilikuwa na picha ya nyani. Mtanzania anaikubali haraka hii maana elfu kumi ni nyekundu na tunaiita msimbazi, kwahiyo kwetu noti kupewa jina kwa sura yake ni kitu cha kawaida. Ila mpaka leo hakuna aliyeitoa hiyo noti ya nyani ikaonekana.

Wapi pa kuangalia hizi tarehe bila kumaliza bando? Etymonline ni nyepesi, inafunguka hata kwa mtandao wa kusuasua, andika neno na soma mwaka wa mwanzo kwanza. Kisha angalia kama wameweka perhaps au probably, hapo wanakwambia ni dhana, na wakiandika of unknown origin kubali tu yaishe, usiende kujaza pengo na yako. Green's Dictionary of Slang ya Jonathon Green ipo mtandaoni, hii ndo baba lao kwa misimu, inakupa neno na sentensi zilizoandikwa mwaka baada ya mwaka, unaona maana inavyohama. Lit kwa mfano, zamani ilikuwa mlevi, pole pole ikaja kuwa sherehe imekolea. Urban Dictionary ipo tangu 1999 na yeyote anaandika anachotaka, itumie kujua vijana wanamaanisha nini leo, wakikwambia asili usiwasikilize. Na njia ya bure kabisa ni kumuuliza mgeni mwenyewe kwao nani husema hivyo, mama yake husema? Akicheka akasema mama yangu hawezi, umeshapata umri wa neno na heshima yake kwa pamoja.

Maana heshima ndo ya mwisho kuipima kabla hujafungua mdomo. Kujua neno sio ruhusa ya kulisema. Mzee wa miaka 70 humuiti bruv kama ambavyo humsalimii babu yako mambo vipi badala ya shikamoo. Barua pepe ya kuomba kazi hotelini haina innit. Lile neno la N ambalo mnalisikia kwenye nyimbo za rap, acheni kabisa, hata kama wewe mweusi na mgeni mweusi, hujui kalibeba vipi moyoni. Yaliyo salama ni cheers, ambayo kwa Muingereza ni asante ya kawaida, knackered ambayo ni kuchoka hoi (knacker alikuwa ni mchinja farasi waliozeeka), na "you alright?". Hiyo ya mwisho ni salamu tu. Hakuoni mgonjwa. Jibu yeah, you? upite, ni kama mambo na poa, hakuna anayesubiri umweleze mambo yenyewe.

Na kuna maneno ambayo utachimba ufike mwisho usikute kitu. Watoto wa wageni, na sasa hata wa kwetu, wanapiga kelele six seven huku wanapandisha mkono mmoja na kushusha mwingine, viganja juu. Imetoka kwenye wimbo wa rapa wa Philadelphia anayeitwa Skrilla, ikadandia video za mchezaji wa kikapu LaMelo Ball ambaye urefu wake ni futi 6 na inchi 7, Dictionary.com wakaifanya neno la mwaka 2025. Maana haina, na ndo raha yao, watu wazima kuhangaika kuitafuta. Mtoto akikupigia hiyo hapo Kaole mrudishie mikono hivohivo muendelee na kaburi linalofuata.